Foleni ya Kwanza

Pale hospitalini walimwita Bi Nyaya, ingawa miaka ya karibuni nyaya alizozigusa zilikuwa za kuhesabika. Alipoajiriwa alikuwa mtu wa kupanda ngazi, kutoboa dari na kuvuta kebo kutoka wodi hadi wodi, akirudi nyumbani vumbi limejaa mpaka kwenye nyusi. Baadaye zikaja seva, zile kompyuta kubwa za kwenye chumba cha baridi, na kazi ikahamia kwenye skrini. Hata swichi, vile visanduku vya matundu mengi vinavyounganisha mashine na mashine, zikawa za ndani kwa ndani. Hazina kisanduku, hazina tundu, hazina hata taa ya kupepesa. Ni maagizo tu yaliyoandikwa ndani ya seva. Mafundi wanaziita swichi pepe.

"Pepe? Kama pepo?" mama yake alimuuliza siku moja.

"Pepe, mama. Ipo, inafanya kazi, ila huioni."

"Sasa si ndiyo pepo hiyo."

Fani aliirithi kwa baba, fundi wa simu za enzi za nguzo, ambaye alianguka kutoka kwenye nguzo mojawapo na kufa kabla mwanawe wa mwisho hajaanza kunyoa ndevu. Bi Nyaya ndiye aliyebaki kuwa baba wa nyumba. Alimsomesha mdogo wake wa kiume, akampeleka kujifunza uchomeleaji, akamnunulia mashine ya kwanza ya kuchomelea mageti. Wachumba walikuja wakaenda. Aliposhtuka, umri ulikuwa umeshampita mlangoni bila kubisha hodi, naye hakuona sababu ya kuukimbilia. Alikuwa na mama, alikuwa na mdogo wake, na alikuwa na kazi aliyoijua.

Kazi yenyewe aliipanga kwa mikono yake miwili. Seva kuu ya hospitali ilitoka kwa kebo moja nene, na juu ya kebo hiyohiyo Bi Nyaya alipitisha mitandao minne isiyojuana: wa simu za wodini, wa picha za eksirei, wa maofisini na wa wageni. Mafundi huita mtandao wa namna hiyo VLAN. Kila mmoja una namba yake, na mwenye namba moja hawezi kuchungulia kwa mwenzake hata wakipita waya uleule. Mgeni anayetazama mpira kwenye benchi la nje hataligusa faili la mgonjwa, hata akijaribu mpaka kesho.

Kisha akapanga foleni. Kebo ikijaa, nani apite kwanza? Alizipa simu nafasi ya mbele kabisa. Picha ya eksirei ikichelewa kidogo, itafika na itafika nzima. Barua pepe ikichelewa, hakuna hata atakayejua. Lakini sauti haina subira. Mtu akisema neno kwenye simu za mtandao, neno lile hukatwa vipande vidogo vidogo, viitwavyo pakiti, kila kipande kikasafiri kivyake. Kipande kikikosa nafasi njiani hakirudi kujaribu tena. Kinatupwa, na mazungumzo yanaendelea bila hicho.

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, alifungua ukurasa wa takwimu za swichi. Zilizoingia, zilizotoka, zilizodondoshwa. Kwenye mstari wa simu, zilizodondoshwa zilikuwa sifuri. Aliipenda sifuri ile kama mtu anavyoupenda ua wake ukishafagiwa. Hakuna aliyemsifu kwa ajili yake, maana nani anasifia simu kwa kusikika?

Aliyekuwa akimsifu, kwa utani wake, ni mke wa mdogo wake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu, na tangu alipoolewa wawili hao waliitana wifi kwa sauti ya kusikiwa na mtaa. Aliposikia kwamba wifi yake anafunga wifi za watu, alipata utani wa maisha.

"Mimi ndiye wifi wa ukweli," alikuwa akisema. "Hao wako wa ukutani mvua ikinyesha tu wanakatika. Mimi umeona nimekatika?"

Alishapoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika mahali pa kuonekana, mama mkwe alimkataza hata kuinua ndoo, na Bi Nyaya akahakikisha anafanyiwa vipimo vyote palepale hospitalini kwake, akimsindikiza mwenyewe kutoka dirisha hadi dirisha. Mdogo wake, mtu wa maneno machache, alitengeneza kitanda cha chuma cha mtoto, akakipaka rangi, akakikwangua, akakipaka tena.

Mwaka huohuo hospitali ilipata mkurugenzi mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta dawa zinaibwa stoo na walinzi wanasinzia, akaagiza kamera zifungwe kwenye korido zote, na skrini pana ifungwe ofisini kwake. Bi Nyaya alizipa kamera VLAN yake ya tano na kuziweka foleni ya mwisho, mahali pa vitu vinavyoweza kungoja. Wiki haikuisha, akaitwa juu.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya skrini. Mlinzi alionekana ameinua mguu na kuganda hivyo hivyo hewani, kisha ghafla yuko upande wa pili wa korido.

"Huyu amepaa?" mkurugenzi aliuliza. "Nimefunga kamera nione watu, wewe unanionyesha mazingaombwe."

"Kebo inajaa, mheshimiwa. Nimezipa simu kipaumbele. Tukipata kebo ya pili kwenye seva, kamera zitatulia."

"Kebo ya pili iombwe. Lakini mimi nataka picha zangu ziwe za kwanza leo."

"Foleni ya kwanza ni ya simu."

"Basi ziwe zote za kwanza."

"Wote wakiwa wa kwanza, mheshimiwa, hakuna wa kwanza."

Mkurugenzi alicheka, akamgeukia mkuu wa kitengo cha teknolojia, bosi wake Bi Nyaya, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha chai. "Fundi wako ana methali." Bosi naye akacheka kwa kuitikia. Walipotoka nje akamshika Bi Nyaya kiwiko. Alikuwa mpole, mtu wa kupenda kila siku iishe salama. "Dada yangu, fanya tu alivyosema. Kebo itakuja. Na mikataba yetu inapitiwa mwezi ujao, usijichongee."

Alifanya. Ilikuwa kazi ya dakika chache: kubadilisha alama moja kwenye maagizo, kuhifadhi, kufunga ukurasa. Picha za mkurugenzi zikanyooka. Mlinzi akatembea kama watu.

Asubuhi iliyofuata sifuri haikuwepo. Pakiti za simu zilizodondoshwa zilikuwa chache, za kupuuzwa. Lakini siku zilivyokwenda aliona mchezo wa hesabu ile. Asubuhi korido zikiwa tupu, kamera zilituma kidogo, maana ukuta usiotikisika hauna habari mpya. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, korido zikafurika watu, vyombo vya chakula, watoto wanaokimbizana. Kila aliyetikisika alikuwa mzigo mpya kwenye kebo, na kamera zikasukumana na simu kwenye mlango uleule. Hapo ndipo hesabu ilipopanda. Wauguzi wakaanza kusema "eeh? eeh?" kwenye simu, wakalaumu vifaa, wakavigonga mezani.

Alimwambia bosi. Bosi akamwandikia mkurugenzi kukumbushia kebo. Alimwambia tena, na bosi akasema, "Watu si wanaelewana lakini?" Walikuwa wanaelewana. Mtu akikosa neno analirudia. Bi Nyaya mara kadhaa alifungua maagizo ya swichi, akaweka kidole kwenye kitufe cha kurudisha kamera nyuma kimyakimya. Mkurugenzi angejua baada ya saa moja. Akafunga ukurasa. Kebo itakuja, alijiambia, na mkataba ukapitiwa, akasaini.

Wifi yake alishikwa uchungu alfajiri ya siku ya kawaida kabisa. Mume alimleta kwa teksi, na Bi Nyaya alipoingia kazini alipitia wodi ya wazazi na chupa ya chai. Alimkuta amekaa kitandani, jasho likimtoka, lakini ulimi haujachoka.

"Wifi, hebu nipandishie kasi huyu mtoto atoke. Si ndiyo kazi yako?"

"Yuko kwenye foleni, wifi. Kunywa chai."

"Foleni gani miezi tisa?"

Walicheka, mpaka uchungu ukamkata kicheko katikati. Mkunga wa zamu, mama wa makamo ambaye alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mitaa ile, alimfukuza Bi Nyaya kwa mkono. "Nenda kwenye mashine zako. Huku ni kwangu."

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, akalia vizuri. Baba yake alikuwa nje ya mlango, akaonyeshwa, akaegemea ukuta. Bi Nyaya wakati huo alikuwa duka la dawa akihangaika na printa. Alipigiwa, akasema anamaliza anakuja.

Kisha damu haikukoma. Mkunga alifanya yote yanayofanywa, akamwita daktari wa wodi, naye akaangalia mara moja tu na kusema apelekwe upasuaji, sasa hivi. Chumba cha upasuaji kilichokuwa kikifanya kazi kilikuwa kimoja. Cha pili paa lake lilikuwa linazibwa. Mkunga akanyanyua simu. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na korido zote zilikuwa zimejaa.

Kule upasuaji alipokea msaidizi wa chumba. Aliambiwa kuna mama anavuja damu, akaelewa. Lakini mlangoni pake alikuwa amelala kwenye machela mzee wa ngiri, tayari kwa zamu yake, na daktari wa usingizi ameshika sindano. Akauliza, "Huyu wa ngiri je? Tumwingize?"

Mkunga akasema kwa sauti ya juu, "Msimwingize! Wetu kwanza!"

Msaidizi akasikia, "Mwingize!"

Simu ikakwaruza, akasikia "wetu" tu, akadhani wetu atafuata, au wetu ametulia. Mkunga alishatupa simu, anamtundikia mama dripu, anasukuma kitanda; korido zilizofurika zikawala robo saa. Walipofika na kitanda chao mbio, wageni wakibanana ukutani kuwapisha, mlango wa upasuaji ulikuwa umefungwa na taa nyekundu inawaka. Mzee wa ngiri alikuwa amelala usingizi wa dawa, tumbo limeshafunguliwa.

Kilichofuata kila mtu alikifanya kwa uwezo wake. Daktari wa upasuaji alianza kumfunga mzee haraka haraka. Wengine walijaribu kumsaidia mama palepale koridoni, kwa mikono, kwa mifuko ya damu, kwa kuomba. Mzee alipotolewa, mke wa fundi chuma, wifi wa Bi Nyaya, alikuwa ameshakata roho kwenye kitanda cha magurudumu, hatua chache kutoka kwenye meza iliyokuwa ya kumwokoa.

Bi Nyaya alifika akamkuta mdogo wake amekaa sakafuni, amelikumbatia furushi la mtoto, anatazama magurudumu ya kile kitanda. Kule mbele, mkunga na msaidizi wa upasuaji walikuwa wamesimama uso kwa uso, wote wawili wanalia, wote wawili wanaapa.

"Nilikwambia msimwingize!"

"Ulisema mwingize, mama! Kwa Mungu wangu mmoja, ulisema mwingize!"

Bi Nyaya alisikia. Alisimama akayasikia maneno yale mawili yakipigwa huku na huku, na kabla ya wote pale koridoni yeye alikuwa ameshajua kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo. Hakwenda kwa mdogo wake. Miguu ilimpeleka chumba cha seva.

Alifungua takwimu. Mstari wa simu, pakiti zilizodondoshwa: hesabu ilikuwa imepanda kuliko siku yoyote, na ilikuwa bado inapanda, anaiona kwa macho. Aliwaza kwamba sasa hivi kuna mtu mwingine amenyanyua simu wodi nyingine. Aliziondoa kamera foleni ya kwanza, akazirudisha mwisho, akaitenganisha milango ya swichi na kuiunganisha upya ili maagizo yashike. Yakashika. Na kama ilivyo kawaida ya swichi zile, mlango ukiunganishwa upya hesabu zake huanza mwanzo.

Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Aliitazama safu ile ikiwa safi, akaelewa alichokifanya. Ushahidi wote aliufuta mwenyewe, kwa kutengeneza. Alikaa kwenye sakafu ya baridi, kelele za feni zikimfunika, akalia kilio kisichosikika mlangoni.

Walizika. Siku za msiba Bi Nyaya alipika, alitandika, aliosha vyombo vya watu, na hakumtazama mtu machoni. Mama yake alidhani ni uchungu tu.

Kamati ya hospitali iliundwa: daktari mmoja, mwanasheria mmoja, na matroni. Bi Nyaya hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, akabisha.

Aliwaeleza. Alieleza taratibu, kama alivyomweleza mama yake habari za pepe, na hawakuwa wajinga, walimwelewa. Ndiyo maana maswali yao yalikuwa mafupi.

"Hizo hesabu unazo?" mwanasheria aliuliza.

"Zilifutika nilipotengeneza."

"Nani alizifuta?"

"Mimi."

"Na kamera, nani aliziweka foleni moja na simu?"

"Mimi. Niliagizwa."

"Uliagizwa kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

Mwanasheria alimgeukia bosi wake, ambaye naye alikuwa ameitwa kushuhudia. Bosi alikuwa anakwangua doa kwenye meza kwa ukucha. "Tulizungumza mambo mengi siku ile," alisema. "Mkurugenzi aliomba picha ziboreshwe. Namna ya kuboresha ni mambo ya kifundi." Hakuinua macho. Baadaye alimfuata Bi Nyaya mpaka kwenye ngazi, akataka kusema kitu, akaishia kumwambia pole na msiba.

Kamati ikaandika kwamba mawasiliano kati ya wodi na chumba cha upasuaji hayakuwa ya wazi. Mkunga alitakiwa atumie maneno yasiyo na utata na kuhakikisha ameeleweka, hakufanya hivyo. Akasimamishwa, kisha akastaafishwa. Bi Nyaya alipewa barua ya onyo ya mistari michache. Hakuachishwa. Nani mwingine angejua mitandao ile mitano ilivyopita kwenye waya mmoja? Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, labda hata kushtakiwa, akitumaini mzigo utahama kutoka kifuani kwenda kwenye karatasi. Hata adhabu alinyimwa. Kebo ya pili ililetwa mwezi uliofuata, ikafungwa kabla ya chai ya saa nne.

Kumwambia mdogo wake, hilo hakuna kamati iliyomtuma. Alimkuta kwenye karakana, anachomelea geti la mtu, cheche zinaruka. Alingoja mpaka akavua kinyago.

"Nina neno, mdogo wangu."

Alimwambia lote. Yeye alisikiliza huku anakigeuza kinyago mikononi.

"Kwa hiyo simu ilikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu. Niliifanya mbovu mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua inadondosha maneno. Tangu walipofunga kamera."

"Na asubuhi ile ulikuja na chai. Ukacheka naye."

"Sikujua kama itakuwa yeye," alisema, na papo hapo akatamani ayameze.

Mdogo wake alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwogopesha. "Kwa hiyo angekuwa wa mtu mwingine, sawa," alisema. Akavaa kinyago, akawasha moto, na mwanga ukawa mkali kiasi kwamba Bi Nyaya alilazimika kugeuza uso.

Mwisho wa mwezi alifunga karakana. Alimchukua mtoto na kile kitanda cha chuma, akaenda kwao mke wake, safari ya siku nzima, akaanze upya huko. Alikuja kumuaga mama. Dada yake alikuwa chumba cha pili, anasikia. Mama alimng'ang'ania mtoto mpaka dereva akapiga honi.

"Mama, njoo ukae nasi," mdogo wake alisema.

"Na huyu nimwache na nani?"

Mdogo wake akainua mfuko wa nguo za mtoto.

"Mimi nimezaa wawili tu," mama alisema. "Mnataka nichague jicho gani la kutoboa?"

Bi Nyaya alichukua muda kabla ya kupata ujasiri wa kwenda kwa mkunga. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, kama ya mtu asiye na pa kwenda. Mkunga alimkaribisha kiti, akamsikiliza akieleza habari za foleni na pakiti. Alikuwa amekonda, na mikono ile iliyopokea watoto wengi ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya kuazima.

"Ulisema sawasawa, mama," Bi Nyaya alimwambia. "Ulisema msimwingize. Ni silabi mbili tu zilizopotea njiani, mwanzoni kabisa. Najua. Niko tayari kuapa popote unapotaka."

Mkunga aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa anapiga misumari.

"Umechelewa, mwanangu," alisema hatimaye. "Mwanzoni nilikuwa na hakika. Nililala na kuamka na neno langu. Lakini waliniuliza mara nyingi mno. Yule msaidizi naye si mwongo, namjua tangu anaanza kazi. Siku hizi nikifumba macho nairudia ile simu, na najisikia kabisa mimi mwenyewe nasema mwingize. Kwa sauti yangu hii hii."

"Hapana, mama. Hukusema."

"Unajuaje? Ulikuwepo?"

Hakuwepo. Alikuwa na hesabu, na hesabu sasa hana. Mkunga alimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, akamshukuru kwa kuja, na Bi Nyaya akajua kwamba hata lile moja aliloamini anaweza kumrudishia mtu halikuwa lake kurudisha tena.

Anaendelea na kazi. Kila asubuhi anafungua takwimu kabla hajavua koti. Mkurugenzi alihamishiwa hospitali kubwa zaidi, kwa sifa za kuzuia wizi wa dawa. Bosi bado anauliza kama watu wanaelewana. Wauguzi wa siku hizi ni wapya, hawajui jambo hili, na wanapomwona akisimama koridoni saa ya kuona wagonjwa, macho yake yakifuata watu wanaopita, wanadhani anamngoja mtu.

Mtoto sasa anaongea. Mdogo wake hupiga simu kwa mama siku za Jumapili mchana, na mama, ambaye masikio yake yameanza kuchoka, huweka sauti ya juu. Jumapili moja walikuwa wamekaa wawili kwenye mkeka, wanachambua mchele, simu ikaita.

"Bibi!" sauti ya mtoto ilijaa chumba kizima, safi, bila mkwaruzo. "Bibi, nimevaa viatu!"

"Viatu gani, mjukuu wangu?"

"Vya kung'aa!" Na akacheka, kicheko kirefu kisicholingana na umri wake.

Mchele ukamwagika. Bi Nyaya alishindwa kujizuia, pumzi ikamtoka kwa sauti, kama mtu aliyeungua.

Kisha sauti ya baba wa mtoto: "Mama, uko na nani hapo?"

Mama alimtazama binti yake upande wa pili wa ungo. Bi Nyaya alitikisa kichwa, taratibu.

"Niko peke yangu, mwanangu," mama akasema. "Niambieni, huko kwenu mvua zimeanza?"

Bi Nyaya akainama, akaanza kuokota mchele punje kwa punje, akijitahidi usitoe sauti.